Mtoto Katika Safu ya Sala

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata uongofu wao. Amma baad:

Ndugu zangu Waislamu, waraka huu siuandiki kwa kuwa nina elimu ya kuwashinda nyinyi. Nauandika kwa sababu ya kosa nililolitenda kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya macho ya watu, ndani ya nyumba ya Mungu. Na kosa la hadharani haifai toba yake ikawa ya sirini.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, wakati wa Magharibi. Nilikuwa nimefuturu nyumbani, nikachelewa kidogo kwa ajili ya uji. Nilipoingia msikitini mwadhini alikuwa akikimu. Safu ya kwanza imejaa, na mahali nilipozoea kusimama, nyuma ya imamu upande wa kulia, pana mtoto wa miaka minane hivi, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya viua iliyomzidi kichwa. Nilimshika bega nikamvuta nyuma, nikasema kwa sauti iliyosikiwa na wote, "Hapa si pa watoto." Mmoja wawili walicheka. Nikasimama pale alipokuwa amesimama, nikafunga sala, na moyoni naona nimeitengeneza safu.

Tulipotoa salamu niligeuka. Mtoto hayuko.

Siku ya pili baba yake, ambaye ni mvuvi, alinijia barazani. Hakuja kwa ugomvi. Alinipa mkono, akakaa, akaniuliza hali, kisha akasema, "Sheikh, kijana wangu jana ndiyo mara yake ya kwanza kutimiza funga ya kutwa nzima. Alikwenda msikitini mapema apate safu ya mbele. Sasa aniuliza: sala yake si sala? Mimi sina elimu ya kumjibu. Nimekuja uniambie nimwambie nini."

Wallahi sikuwa na jawabu. Nilimwomba muhula nitazame vitabu, na haya mtakayoyasoma ndiyo niliyoyaona humo. Mengi yake nilikuwa nikiyajua tangu ujana wangu. Lakini mtu aweza kuwa na elimu kichwani na mkono wake usiwe na khabari nayo.

Kwanza, jawabu la swali la yule mtoto. Madhehebu yetu sisi watu wa pwani, madhehebu ya Imamu Shafi, yasema wazi kuwa mtoto akifikia tamyizi, yaani akiwa aweza kula peke yake, na kunywa peke yake, na kustanji peke yake, sala yake ni sahihi akiitimizia sharti zake na nguzo zake, ijapokuwa haijamwajibikia. Na zaidi ya hayo, mtoto wa kiume aliye na tamyizi akiadhini, adhana yake yasihi. Akiwasalisha watu wazima, sala yao yasihi, ingawa kumtanguliza mtu mzima ni bora. Kwani Amr bin Salama alikuwa imamu wa watu wake naye ni mtoto wa miaka sita au saba. Watu wa kabila lake walikaa penye maji yanayopitiwa na misafara, naye alikuwa akizidaka aya za Qurani katika vinywa vya wasafiri na kuzihifadhi. Basi waliposilimu wakatafuta aliyehifadhi zaidi, hawakumwona ila yeye. Nguo yake ilikuwa fupi hata akisujudu huonekana mwili wake, wakamshonea kanzu, na alipokuwa mtu mzima alikuwa akisimulia furaha yake ya kanzu ile. Tazameni: wale hawakusema mtoto huyu hana nguo ya heshima, na arudi nyuma. Walikwenda kutafuta kitambaa.

Basi ikiwa mtoto aweza kuwa mbele ya safu, mimi nilipata wapi haki ya kumtoa ndani ya safu?

Najua atasimama mtu aseme kuwa Mtume (S.A.W.) ameamrisha wenye akili na busara ndio wasimame karibu yake, kisha wanaowafuatia. Ni kweli, na kwa hadithi hiyo wanavyuoni wamepanga safu za wanaume mbele na za watoto nyuma yao. Lakini amri hiyo ameambiwa mtu mzima awahi kuja. Hakuambiwa aje kwa kuchelewa, kisha amng'oe aliyemtangulia. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wamebainisha kuwa watoto wakitangulia katika safu ya kwanza, hawaondolewi kwa ajili ya wanaume waliokuja baadaye. Hii ndiyo hukumu niliyoivunja. Na Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kumwinua mwenziwe katika makao yake kisha akakaa yeye, wala hakusema mwenziwe huyo ni lazima awe na ndevu.

Na liko tukio jengine linalonitia haya kila nikilikumbuka. Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji akanywa, na kuliani kwake alikuwa amekaa kijana mdogo, na kushotoni wazee. Desturi ni kuanza kulia. Akamwomba yule kijana ruhusa ya kuwapa wazee kwanza. Kijana akakataa, kwa kuwa hakutaka kumpa mtu yeyote fungu lake la baraka ya Mtume. Basi Mtume akamtia chombo mkononi. Wazee walikuwapo wakitazama, na kiu yao wanayo. Yeye ambaye amri yake ni amri, aliomba ruhusa kwa mtoto. Na mimi sikumuuliza wa kwangu hata jina lake.

Ama wale wanaoshikilia maneno yasemayo kuwa watoto na wendawazimu wawekwe mbali na misikiti, nawaambia kuwa maneno hayo yamo katika kitabu cha Ibn Majah, na wajuzi wa hadithi wameyatia katika hadithi dhaifu. Haifai mtu kuchukua neno dhaifu akalipiga nalo lililo sahihi. Na lililo sahihi ni lipi? Ni msikiti wa Mtume mwenyewe, ambao tukiusoma katika vitabu vya Bukhari na Muslim twauona umejaa watoto.

Abu Qatada amesimulia kuwa alimwona Mtume (S.A.W.) akiwasalisha watu naye amembeba Umama, mjukuu wake, binti wa Zainab. Akirukuu na kusujudu humweka chini, akiinuka humchukua tena. Ndugu zangu, ingieni ndani ya habari hii msipite juu yake. Aliyebebwa ni mtoto wa kike, katika nchi ambayo miaka michache nyuma walikuwako watu wakiwazika mabinti zao wakiwa hai. Na aliyembeba ni imamu, mbele ya watu wote, katika sala ya faradhi. Wanavyuoni wetu wametoa humo hukumu za fiqhi: kuwa mwili wa mtoto na nguo zake ni tohara mpaka ijulikane kuwa zina najisi, na kuwa harakati chache zisizofuatana hazibatilishi sala. Sisi twazisoma hukumu hizo darasani, kisha baba akija na binti yake wa miaka mitano twamkunjia uso.

Amesimulia Shaddad kuwa siku moja katika mojawapo ya sala za jioni Mtume alirefusha sijida kupita kiasi, hata yeye Shaddad akainua kichwa kutazama, akaona mjukuu wa Mtume yuko mgongoni. Watu walipouliza baada ya sala, wakidhani kumetokea jambo au wahyi umeshuka, aliwaambia kuwa si hivyo, ni mwanawe amempanda, naye akachukia kumharakisha kabla hajaridhika. Jamaa nzima ya waumini, nyuso zao ziko ardhini, wangoja mtoto amalize mchezo wake! Na kinyume chake, alikuwa akiingia katika sala na nia ya kuirefusha, akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kujua moyo wa mama yake unavyotaabika. Kwa mmoja alirefusha na kwa mwengine akafupisha, na katika hali zote mbili hakusema, "Mtoeni."

Usiku mmoja aliichelewesha sala ya Isha mpaka Umar akapiga ukelele kuwa wanawake na watoto wamelala. Walilala wapi? Walikuwa mle mle wakimngoja. Na Rubayyi binti Muawwidh ameeleza kuwa walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura, wakienda nao msikitini na kuwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi; mtoto akililia chakula wakimpa kile mpaka wakati wa kufuturu. Mwanasesere wa sufi ndani ya msikiti! Leo ukiingia nacho kwetu utaulizwa umekuja kufungua duka?

Hata mtoto mwenye utundu hakukatiwa tamaa. Mwaka wa 8 wa Hijra (ndio 630), Mtume alipokuwa akirudi kutoka Hunayn, vijana wa Makka waliisikia adhana wakaiigiza kwa kejeli. Akawaita, akataka kujua ni nani mwenye sauti ile nzuri. Akaonyeshwa Abu Mahdhura. Hakumpiga. Alimfundisha adhana neno kwa neno, akampangusa kichwa, akamfanya mwadhini wa Makka. Kijana aliyekuja kwa dhihaka alirudi na kazi, na wazawa wake wakairithi kazi hiyo baada yake. Nani ajuaye ni Abu Mahdhura wangapi tumewafukuza kwa fimbo katika birika zetu, nao wakaenda na sauti zao mahali pengine?

Nyinyi mliofika Kizimkazi, kisiwani Unguja, mmeuona msikiti wa kale ambao katika kibla chake mna maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijra, ndio 1107. Ni zaidi ya miaka 900 watu wanasali pale. Mawe hayakuuhifadhi, mawe yako pia Gedi, na magofu ya msikiti wake mkubwa yamezungukwa na msitu, wala hakuna anayekimu ndani yake. Kila msikiti ulio hai umepita mikononi mwa vizazi, na kila kizazi kiliingia humo kwanza kikiwa kifupi, kimeshika kanzu ya baba. Kimya tunachokisifu, msikiti usiosikika sauti ya mtoto hata Ijumaa, mimi sasa chanitia hofu.

Lakini sitaki mtu achukue waraka huu akaufanya kinga ya uvivu wake. Wako akina baba wanaowaleta watoto kama mtu aletaye mbuzi sokoni: wamfungulia mlangoni, kisha yeye aenda safu ya mbele na mtoto abaki nyuma akikimbia juu ya mikeka, akipiga kelele, akipita mbele ya wanaosali. Mtoto huyo hana kosa, mwenye kosa ni aliyemleta akamwacha. Na fiqhi imeweka mpaka: mtoto asiyefikia tamyizi, ambaye yahofiwa atautia msikiti najisi, kumwingiza si jambo jema, na hofu hiyo ikiwa na nguvu ni haramu. Basi kabla ya kutoka nyumbani mpeleke chooni, mtazame nguo, mpe chakula kidogo. Njiani mwambie aendako ni wapi na atafanya nini, maana mtoto huogopa asilolijua na kulichezea. Msimamie penye birika, kwani maji hayana rafiki. Mfundishe kutawadha, si kumwagia maji wenzake. Anza naye kwa sala fupi, kama Magharibi. Usimwanzishe kwa tarawehe, akaja akaijua sala kuwa ni maumivu ya miguu. Ikiwa hajafikia tamyizi, msimamishe ubavuni mwako mwisho wa safu, ili asikate safu na wewe umwone. Akisha kuifikia, safu ni yake.

Na mpe kazi. Hili nalitilia mkazo kuliko yote. Mtoto hapendi kutazama, hupenda kushika. Mwache apange viatu, akunjue mikeka, awapelekee wazee kata ya maji, awagawie watu tende jioni ya Ramadhani. Mwenye sauti aadhini siku moja moja, na mwadhini asimame karibu yake asione amenyang'anywa cheo.

Na huko nyumbani, mtoto akutazame ukisali. Tumeamrishwa kuwaamrisha watoto sala wakifika miaka saba, na kuwatia adabu kwayo wakifika miaka kumi. Watu wengi wameshika hiyo kumi wakasahau saba. Fanyeni hesabu: mwaka wa Kiislamu una siku 354, miaka mitatu ni siku 1,062, na kila siku ina sala tano, jumla ni mara 5,310 za kumwambia mtoto kwa ulimi kabla haijatajwa fimbo. Na fimbo yenyewe wanavyuoni wameifunga kwa masharti, isiumize wala isiache alama. Baba asiyemwita mwanawe hata mara kumi katika hizo elfu tano, akiinua mkono siku ya miaka kumi, hiyo ni hasira yake mwenyewe ameivika kanzu ya sharia.

Katika jambo hili tusione haya kutazama wenzetu. Wakristo wa Uingereza walipoona watoto wa mafukara wanazurura siku ya Jumapili, mtu mmoja aliyeitwa Robert Raikes alisaidia kuwafungulia shule ya siku hiyo mjini Gloucester mwaka 1780, na desturi ile ikaenea duniani hata ikafika kwetu huku pamoja na makanisa yao. Watoto wana mwalimu wao, nyimbo zao, na viti vya kimo chao. Sisemi tuige ibada ya mtu. Nasema jambo hili la kumwekea mtoto mahali katika ibada asili yake kwetu ni ya zamani zaidi, tangu mgongo wa Mtume katika sijida, na ni aibu mwenye mali kuikuta mali yake ikitumiwa na jirani ilhali yeye aliitupa.

Neno moja kwa wazee wenzangu. Twawafokea watoto kwa kelele, nasi baina ya Magharibi na Isha twakaa mle mle msikitini tukizungumza bei za mashamba na ndoa za watu. Mtoto yuasikia.

Basi nilikwenda kwa yule mvuvi, nikamwambia: mwambie mwanao sala yake ni sala, na mahali pale palikuwa pake, na aliyekosa ni mimi. Akasema, "Bora umwambie wewe." Akamwita. Mtoto alikuja, akanipa mkono akaubusu kama alivyofundishwa, akayasikiliza maneno yangu yote macho yakiwa chini, akasema, "Haidhuru, Sheikh." Kisha akaomba ruhusa akaenda zake kucheza. Mwezi ukaandama, na katika siku zote zilizobaki za Ramadhani ile sikumwona msikitini.

Alirudi baada ya Idi, wakati wa Isha. Nilikuwa nimekaa mbele, nikageuka nikamwona amesimama safu ya mwisho kabisa, karibu na mlango, na viatu vyake ameviweka mahali atakapoviona. Nikainuka nikamfuata, nikamwambia, "Mbele pana nafasi, mwanangu, twende." Akatazama mbele, akatazama watu, akasema polepole, "Hapa panatosha, Sheikh."

Mwadhini alikuwa amekwisha kukimu. Nikasimama ubavuni mwake, bega langu juu na lake chini, tukafunga sala pale pale mlangoni. Na hapo ndipo ninaposimama mpaka leo, mpaka atakapopenda mwenyewe kwenda mbele.

Wabillahi ttawfiq.